Mafundi wa Paa Kuukuu

Kengeja, Pemba
9 Februari 2024

Kaka Silima,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, na wewe huko Maskati tunakuombea uzima. Mama anakula vizuri, magoti tu ndiyo yanayomsumbua akiinuka kwenye msala. Mbuzi mweupe kazaa mapacha. Mtoto wa jirani yetu Hafidh kafaulu kwenda sekondari, na mama yake hajaacha kupita nyumba kwa nyumba kututangazia. Habari njema ndizo hizo, nimezitanguliza ili usiseme kuwa naandika nikitaka kugomba tu.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu unayoijua. Siku ile uliponikatia simu, Mama alikuwa ameiweka kwenye spika kama kawaida yake, na mtaa mzima ukasikia. Akasema, "Miye sitaki tena kusikia mkigombana ndani ya kiganja changu. Mwenye neno na aandike." Basi naandika. Barua anakuja nayo Ahmada, anayerudi kazini huko Jumatatu.

Kwanza, ahsante kwa paa. Bati limepigwa vizuri, halivuji, na Mama hasogezi tena kitanda mvua ikinyesha. Fundi Mabruki kafanya kazi safi, siwezi kusema uongo. Lakini tangu paa la makuti lishushwe mwezi wa Novemba, mipesheni yangu haizai. Kuchanua inachanua. Chanja yote inapotambaa imejaa maua meupe na zambarau, mtu akipita njiani husimama kutazama. Ikifika usiku ua limejifunga, kesho yake linageuka manjano, keshokutwa liko chini. Kila asubuhi nafagia maua.

Nilidhani ni mbolea, nikaongeza samadi. Nilidhani ni ukame, nikabeba maji mpaka kiuno kikaniuma. Mwisho nikamwita bibi shamba, Laila, yule wa Jadida anayekuja na pikipiki. Akakaa chini ya chanja toka adhuhuri mpaka alasiri bila ya kusema kitu, kisha akaniuliza wako wapi wale wadudu weusi wakubwa wanaovuma. Nikacheka, maana niliwakumbuka mara moja. Na wewe unawakumbuka. Tukiwaita mafundi, kwa vile wakitoboa boriti za paa na unga wa mbao ukimwagikia chandarua cha Baba, naye akisema mafundi wameamkia kazini.

Kumbe hao ndio waliokuwa wakinizalishia. Pesheni hii ya manjano haizai kwa unga wa maua yake wenyewe, lazima utoke kwenye mti mwengine. Nyuki wa asali wanakuja wengi, lakini ni wadogo, wanapita chini kwa chini, wanachukua unga na kwenda zao bila ya kugusa pale panapotakiwa. Fundi ni mnene. Akiingia kunywa, mgongo wake unasugua juu, anatoka amepakaa manjano na anaupeleka unga ule mpaka mti wa pili. Tena fundi hakai mzingani. Anataka mti mkavu wa kutoboa atagie humo, na mti mkavu hapa kwetu ulikuwa ni paa.

Sikulaumu. Hukujua, wala mimi sikujua. Nina ombi moja tu. Jiko la nje bado lina boriti za zamani, na mafundi wachache wamehamia humo, nawasikia wakikwangua. Mabruki anasema umemwagiza alibomoe. Mwambie aliache. Unajua kuwa pesheni hizi ndizo zinazonilisha tangu niachane na Rajab, na ndizo zinazonifanya nikae hapa kwa Mama bila ya kumuomba mtu hata sabuni. Zikinitupa mkono, sina pengine pa kushika.

Mdogo wako,
Nadhira


Maskati
3 Machi 2024

Mdogo wangu Nadhira,

Waalaykum salaam. Barua yako Ahmada kanipa imekunjwa mara nne na inanukia dagaa, nikajua imetoka nyumbani kweli. Mimi mzima. Kazi ndiyo hivyo, tunashukuru. Mwambie Mama dawa ya magoti nimempatia, itakuja na mtu kabla ya mfungo. Watoto wanakusalimu. Yule mdogo ameanza kuhifadhi Juzuu Amma, na anatuamsha nayo alfajiri tupende tusipende.

Nimecheka sana kwa hao mafundi wako. Mtu amemjengea mama yake paa la bati, kwa mbao zilizopakwa dawa ya mchwa, halafu aambiwe aache boriti zilizotoboka kwa ajili ya wadudu? Nikisimulia hapa barazani watanipa jina. Pesheni zako zimechoka, Nadhira. Mipesheni haidumu miaka mingi. Ing'oe upande mengine, au pumzika kidogo, kwani umelazimishwa na nani?

Jiko lazima liondoke. Litakuja kumwangukia Mama. Mabruki anasema boriti zake zimeliwa ndani zote, naye anaijua kazi yake. Mtu mstaarabu sana yule, sijui kama umemwangalia vizuri. Husali jamaa msikitini, ana nyumba yake Mkoani, na tangu afiwe na mkewe hakusikika na neno baya. Akija mpe chai ya maana, usimwekee kikombe dirishani kama unavyowafanyia wengine. Mama kaniambia.

Na hilo la kula lisikukoseshe usingizi. Mimi nipo.

Kaka yako,
Silima


Kengeja
20 Aprili 2024

Kaka Silima,

Idi imepita salama, alhamdulillahi. Dawa ya Mama ilifika, na siku hizi anakwenda mpaka kisimani kugombana na wanaopoteza ndoo. Mapacha wa mbuzi mmoja kafa. Bi Farzana wa Chake, anayechukua pesheni zangu kila Ramadhani kwa ajili ya sharubati, mwaka huu kachukua za watu wa Gando. Alinipigia kuniuliza kama nimesafiri.

Jiko limebomolewa. Limebomolewa siku niliyompeleka Mama hospitali, na siku ile uliijua, kwa sababu Mama alikuambia. Tumerudi tukakuta boriti zinawaka uwanjani. Mafundi walikuwa wakizunguka juu ya moshi wakitafuta mlango wao, na wakazunguka mpaka magharibi. Nilikaa kizingitini nikawatazama, nikalia, wala sioni haya kukuandikia. Mabruki alidhani nalilia jiko. Akanifariji kuwa jipya litakuwa la matofali, kisha akaniuliza dirisha nataka lielekee wapi.

Kwa nini ananiuliza mimi, Kaka? Nyumba ni ya Mama, na jiko ni la Mama. Nilimwacha na swali lake nikaingia ndani. Wewe nijibu.

Sasa kazi ya wadudu naifanya mimi. Laila ndiye aliyenifundisha. Maua hufunguka baada ya adhuhuri na usiku hauyakuti wazi, basi huo kati ndio wakati wangu. Nachukua unga wa mti huu kwa pamba, napanda kwenye kigoda, naupaka kwenye vichwa vitatu vilivyo juu ya ua la mti ule. Shingo inakakamaa. Nikiumwa siku moja, maua ya siku hiyo yamekwenda bure. Fundi mmoja alikuwa akiimaliza chanja yote kabla mimi sijamaliza mstari, tena akivuma kwa raha zake. Watoto wa Hafidh wananichungulia uani na kuimba kuwa Nadhira anaoza maua, anayapeleka kwa waume zao. Jina limeshika. Hata Mama, mtu akiniulizia, humwambia nimo chanjani naoza.

Wala si mimi peke yangu niliyeumia. Mke wa Hafidh analalamika kuwa mabilingani yake mwaka huu ni haba na yamepinda. Mafundi walikuwa wakiyatikisa maua yake mpaka unga ukimwagika, na yeye hakujua hata siku moja kuwa ana vibarua. Na wao, msimu pesheni zikiwa hazina ua, walikuwa wakila kwenye mbaazi zake. Bila ya mbaazi zile wasingekaa kunisubiri mimi. Tulikuwa tunalishana bila ya kuagana, na katikati yake lilikuwa ni lile paa ulilolionea aibu.

Nimekasirika, Silima. Naandika ili ujue.

Nadhira


Maskati
12 Mei 2024

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Joto limeanza, mchana hatutoki. Mke wangu anakusalimu na anataka umtumie mchaichai mkavu ukipata mtu.

Uliponiandikia kuwa unaoza maua nilisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani umeyaacha yakaoza, nikasema sasa huyu amekata tamaa. Mke wangu ndiye aliyenifahamisha kuwa unayafungisha ndoa. Tumecheka mpaka tukatoka machozi. Lakini baada ya kucheka nikafikiri kuwa mwenye kuoza wengine hatakasirika na yeye akiozwa.

Swali lako la dirisha ni hili. Mabruki anakuposa. Kanijia kwa adabu, kwa njia ya mjomba wake, kwa vile Baba hayupo na walii wako ni mimi. Nimemtazama kila upande, sikumuona na kasoro. Hutamwacha Mama, yeye yuko tayari kuhamia hapo hapo Kengeja. Wema gani mkubwa kuliko huo? Utakaa kwenye kigoda na pamba mpaka lini? Mwanamke wa umri wako, aliyetoka kwa mumewe kwa miguu yake mwenyewe, hapati posa kila mwaka. Nisamehe, lakini nani atakuambia kama si mimi?

Fikiri vizuri, kisha nijibu. Sikuharakishi.

Silima


Maskati
28 Julai 2024

Mdogo wangu mpenzi Nadhira,

Natumai mko salama, na baridi ya huko haijamrudisha Mama kwenye magoti yake. Sisi tunaungua.

Sikuona barua yako mwezi wa Juni, na Julai nayo inakwisha. Mwanzo nilidhani umechukia. Kisha nikampigia Mama nikamuuliza umesemaje juu ya lile jambo, akaniambia, "Hajasema kitu. Kanyamaa." Nikamuuliza umegomba? Akasema hukugomba. Unapika, unacheka na watoto, unakwenda chanjani. Basi nikafahamu, nikashukuru Mungu. Ulivyo na ulimi wewe, ungekuwa hutaki ningesikia mpaka huku bila ya simu. Haya zako nimezipenda, zimenikumbusha ulipokuwa msichana.

Neno nimeshalitoa. Ndoa itakuwa baada ya Maulidi, Ijumaa, msikitini kwetu. Mimi sitaweza kuja, safari si nyepesi kwa sasa. Nitampa uwakala Shehe wa hapo akuoze kwa niaba yangu. Mabruki kafurahi sana. Mke wangu anakuletea kanga na udi.

Mungu akupe kheri na nyumba yako.

Kaka yako akupendaye,
Silima


Kengeja
15 Agosti 2024

Silima,

Mama mzima. Salamu nyengine sina.

Barua yako ya Mei niliipata. Niliisoma nikiwa juu ya kigoda, nikaikunja, nikaendelea na maua yangu. Sikukujibu kwa sababu nilidhani nimekujibu. Kwetu sisi aliyenyamaa amekataa. Baba akiombwa ruhusa akanyamaa, kuna hata mmoja wetu aliyeiomba mara ya pili? Wewe ulitaka kwenda Unguja na timu ya mpira, akanyamaa, ukalala njaa siku hiyo kwa hasira. Umesahau kimya cha nyumba yetu, ukaenda kuniazimia cha mwari. Mwari asiyewahi kuolewa ndiye akinyamaa huwa ameridhia. Mke aliyekwisha olewa hunena kwa ulimi wake, na hayo tulisomeshwa chuo cha Kurani sote wawili, wewe ukiwa mbele yangu. Nimekwenda kwa Shehe mwenyewe. Akaniuliza, nikamjibu, na ameniambia kuwa uwakala wako hataupokea.

Kisha nikamuuliza Mama jambo ambalo tangu Aprili lilikuwa linanikera. Fundi anayejengea watu kwa ujira haulizi dirisha lielekee wapi. Mama akavuta ushungi wake, akageukia ukutani. Nikamuuliza tena. Akasema, "Silima hana kazi tangu mwaka jana, mwanangu. Bati la Mabruki, mbao za Mabruki. Kasema hajengi kwa watu, ajenga kwake."

Basi Novemba mimi nilikuwa nimeshaolewa, sijaambiwa tu. Nilikuandikia ahsante kwa paa ambalo si lako, nawe ukaipokea ahsante ile ukaniambia upo. Ungesema huna kazi nisingekucheka. Ningekutumia mimi, kwa pesheni, kabla hamjanichomea mafundi wangu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko posa yenyewe. Nilikuwa na kitu changu, kidogo, kilichokuwa kinafanya kazi bila ya mwanamume yeyote kukiangalia, na kati yako na yeye mmekiondoa mkidhani mnanihurumia.

Pesheni nilizozioza Aprili na Mei zimeiva. Zimejaa vikapu, zamani zilikuwa magunia. Nimefunga vigogo vikavu vya mwembe kwenye chanja, Laila kasema huenda mafundi wakarudi kutoboa, mpaka leo hajaja hata mmoja. Vikapu hivyo nimevipeleka kwa Bi Farzana mwenyewe, na nilivyoshuka garini Chake nilikuwa nimenyoosha mgongo.

Usije tena ukanitafsiri. Sitaki kuolewa na Mabruki. Hapana.

Nadhira


Maskati
2 Septemba 2024

Nadhira,

Umeniaibisha mbele ya mtu aliyenisitiri. Ya kazi yangu usiniulize, wala usimuulize Mama.

Mabruki nimemwambia. Hakupiga kelele. Kasema bati na mbao ni zake, hakumpa mtu zawadi, atakuja kuzing'oa. Nimemuomba amfikirie Mama, vuli hiyo inakuja. Kanijibu kuwa mwenye kumfikiria Mama ni wewe, na kwamba wewe una neno moja tu la kusema na yeye ataondoka na ngazi yake. Makuti sina uwezo wa kuyanunua, na mtu wa kuyaezeka sina.

Umesema mwanamke kama wewe hunena kwa ulimi wake. Basi nena naye kabla hajapanda juu.

Silima


Kengeja
24 Septemba 2024

Silima,

Mama yuko kwa Hafidh, wamempa chumba cha mbele na kitanda kizuri. Kataka nikuandikie kuwa hana kinyongo na wewe na kuwa anakuombea upate kazi. Nimeandika alivyosema. Langu silitii humo.

Mabruki alikuja Jumamosi na vijana wake wawili. Watu walijaa njiani kama kuna mazishi. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, uwanja unateleza, na ngazi ilikuwa inacheza. Aling'oa upande wa barabara kwanza, polepole, bati moja moja, akinitazama kila anaposhusha. Chumba cha Mama kikaingia jua mpaka uvunguni. Hakuwa na furaha, na sitamsingizia.

Alipobakisha kidogo akasimama juu ya mbao, akaniuliza kwa sauti, mbele ya watu wote wale, kama nina neno la kumwambia. Safari hii sikunyamaa. Nilimwambia upande wa kibla bado kuna bati mbili, azing'oe tu na hizo, ngazi nimemshikia.

Nadhira